Namna ya Kuandika Historia ya Klabu ya Junia ya Uskoti Iliyokwisha Kuvunjika

Klabu ndogo ya soka inapovunjika, daftari za mikutano yake mara nyingi hupotea pamoja nayo. Kwa hiyo historia yake haina budi kutafutwa katika karatasi za watu wengine, yaani magazeti ya wilaya, kumbukumbu za wapinzani wake, na klabu kubwa zilizowachukua wachezaji wake. Mfano nitakaoutumia ni Glenbuck Cherrypickers, timu ya kijiji cha wachimba makaa ya mawe mashariki mwa Ayrshire.

Mtafiti afahamu kwanza kwamba soka ya junia nchini Uskoti si ya watoto. Ni daraja la watu wazima, lenye chama chake tangu 1886. Kisha akusanye majina yote ambayo klabu iliwahi kuyatumia, kwa sababu timu hii ilianza mwishoni mwa miaka ya 1870 ikiitwa Glenbuck Athletic, na anayepekua magazeti kwa jina la Cherrypickers peke yake ataikosa miaka ya mwanzo.

Njia yenye faida kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kumfuata mchezaji mmoja mmoja. Klabu ya kijijini huenda isiwe na kumbukumbu hata moja, lakini kijana wake akisajiliwa na klabu ya England, magazeti ya huko hutaja alikotoka. Sandy Brown, mwana wa Glenbuck, aliifungia Tottenham Hotspur mabao 15 katika Kombe la FA la 1901, likiwemo bao katika fainali ya marudio waliyoishinda Sheffield United 3–1. Kutoka kwake rudi nyuma hadi kwenye sensa. Vitabu vya sensa ya Uskoti hufunguliwa baada ya miaka 100, na vya hadi 1921 husomwa kwa malipo kwenye tovuti ya ScotlandsPeople; mstari mmoja huonyesha nyumba, umri na kazi ya kila mtu, na hapo ndipo utakapoona ndugu waliolala chini ya paa moja na kushuka shimoni pamoja. Ndugu watano wa ukoo wa Shankly wa kijiji hiki wote walicheza soka ya kulipwa, jambo ambalo orodha ya vikombe isingelieleza kamwe.

Ramani za zamani hutolewa bure mtandaoni na Maktaba ya Taifa ya Uskoti, na unaweza kuzilinganisha na picha za setilaiti. Kwa Glenbuck zoezi hili ni la lazima, maana uchimbaji wa wazi wa makaa umefuta karibu kijiji chote.

Tarehe ya kifo cha klabu ithibitishwe kwa uangalifu. Mwaka 2020 klabu za kanda ya magharibi zilihamia ligi mpya nje ya mfumo wa junia, na kutoweka kwao katika orodha za junia si kuvunjika. Glenbuck ni habari nyingine: mashimo yalifungwa, familia zikahama, na timu ikakoma mwanzoni mwa miaka ya 1930, hata Bill Shankly, mmoja wa ndugu wale watano na baadaye kocha mashuhuri wa Liverpool, aliyezaliwa 1913, akalazimika kuchezea klabu nyingine ya junia, Cronberry Eglinton, kabla ya kujiunga na Carlisle United mwaka 1932. Andika kufungwa kwa mgodi katika sura ileile ya kuvunjika kwa klabu, kwa maana ni tukio moja.