Mkopo wa dharura usio na riba kwa sisi tulio jeshi la Marekani: soma hapa kabla ya kuniandikia

Wiki hii pekee nimeulizwa mara nne: "Kaka, mzee amezidiwa nyumbani, sina nauli, nikope wapi?" Mmoja alikuwa ameshasaini karatasi kwenye duka la mikopo nje ya geti. Sheria inawaruhusu hao kutoza mwanajeshi hadi asilimia 36 kwa mwaka. Kuna pesa isiyo na riba hata senti moja, na wengi wetu tuliotoka Kenya, Tanzania na Kongo hatuijui mpaka tumeshaumia. Naandika mara moja. Mwenzako akikuuliza, mtumie hapa.

Jeshi la nchi kavu lina Army Emergency Relief (AER), shirika lililoanzishwa 1942. Wanamaji na Marines wana Navy-Marine Corps Relief Society, la tangu 1904. Wa jeshi la anga wana Air Force Aid Society, na walinzi wa pwani wana Coast Guard Mutual Assistance. Haya si mabenki. Ni mashirika ya hisani yanayoishi kwa michango, ikiwemo ya wanajeshi wenyewe. Ukikopa dola 1,800 unarudisha 1,800. Hali ikiwa ngumu sana wanaweza kukupa sehemu yake kama msaada usiorudishwa. Mimi ni wa nchi kavu, kwa hiyo naeleza AER.

Hatua ya 1. Hakikisha dharura yako ni ile wanayoitambua: nauli ya msiba au ya mgonjwa mahututi, kodi ya nyumba, umeme, chakula, matengenezo ya gari unaloendea kazini. Hawatoi pesa ya faini, dhamana, harusi, deni la kadi wala likizo ya kawaida.

Hatua ya 2. Mwambie kiongozi wako mapema. Usingoje mpaka siku ya kuondoka.

Hatua ya 3. Ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Hapa nakuomba usome polepole.

Kamanda hataamini meseji ya WhatsApp. Anataka Msalaba Mwekundu wa Marekani uthibitishe kwamba mgonjwa yupo, ana hali gani, na ni nani kwako. Mimi nililelewa na mama mkubwa tangu nikiwa na miaka minne. Alipolazwa nilipiga simu nikasema, "Mama yangu ni mahututi," nikataja jina tunalomwita kijijini. Kwangu lilikuwa neno la kweli, sikuwa na mama mwingine wa kumwita. Hospitali ikajibu haina mgonjwa wa jina hilo, kwa sababu faili lilikuwa na majina ya kitambulisho. Walipompata, karatasi zangu za jeshi zilikuwa na jina la mama mwingine, yule aliyenizaa. Nikaitwa nieleze kwa nini nina mama wawili. Siku mbili zilipotea. Nilifika nyumbani jioni, viti vya kukodi vimepangwa kando ya uzio vikisubiri kuchukuliwa, na udongo wa kaburi ungali mbichi.

Kwa hiyo, tafadhali:

Taja majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, hospitali, wadi, na simu ya hospitali yenyewe. Namba ya shangazi haitoshi.

Sema uhusiano wa kweli. Mama mdogo, mama mkubwa na baba mdogo kwetu ni wazazi, lakini kwao ni shangazi na mjomba tu. Kama alikulea, liseme hilo tangu simu ya kwanza. Kanuni inamtambua aliyesimama mahali pa mzazi kwa angalau miaka 5 kabla hujafika utu uzima au hujaingia jeshini, na utasaini maelezo yanayothibitisha. Mtoto wa baba mdogo usimwandike "brother". Ikigundulika, hata neno lako la kweli litatiliwa shaka.

Angalia saa. Kiangazi, saa kumi na moja jioni Nairobi ni saa nne asubuhi kwa walio Fort Bragg. Ukisubiri mpaka mchana, afisi ya hospitali imefungwa. Teua mtu mmoja nyumbani akae na simu iliyochajiwa, awaambie wauguzi kwamba simu ya Marekani inakuja.

Na ujue kwamba Msalaba Mwekundu unathibitisha tu. Ruhusa ya likizo ni ya kamanda.

Hatua ya 4. Karatasi: kitambulisho cha jeshi, LES (hati ya mshahara) ya mwisho, likizo iliyoidhinishwa, na bei ya tiketi.

Hatua ya 5. Nenda afisi ya AER kambini, mara nyingi imo ndani ya Army Community Service (kituo cha huduma kwa askari na familia zao). Watakuuliza bajeti yako ya mwezi. Waambie ukweli, pamoja na kile unachotuma nyumbani, kwa sababu wanapanga marejesho kulingana nayo. Mikopo midogo kamanda wa kombania anaweza kuidhinisha mwenyewe. Usiku au wikendi, Msalaba Mwekundu hupokea ombi kwa niaba ya AER.

Hatua ya 6. Marejesho hukatwa kwenye mshahara. Hiyo 1,800 kwa miezi 12 ni 150 kwa mwezi. Kagua LES inayofuata.

MASWALI

jenga_kwetu: Naweza kupata 5,000 wiki hii nimalizie nyumba ya mzee?
— Hapana. Hatua ya 1.

jenga_kwetu: Si ni dharura pia, mvua inakuja.
— Nimeshajibu, ndugu.

PFC_mpya: Niliambiwa ukikopa AER cheo kinakwama.
— Aliyekuambia alikuonyesha kanuni? Mimi nimekopa mara mbili na nimepanda cheo baada ya zote mbili. Nimeona vijana wakiharibikiwa kwa madeni ya maduka ya nje ya geti waliyoshindwa kulipa. Tafadhali usirudie maneno hayo kwa wenzako.

mama_wawili: Shikamoo kaka. Mume wangu yuko nje kikazi, gari limekufa na mimi ndiye nampeleka mtoto kliniki. Naweza kuomba bila yeye kuwepo?
— Marahaba dada. Unaweza, na umeuliza vizuri. Nenda na kitambulisho chako cha familia, makadirio ya fundi kwa maandishi, na hati ya uwakilishi aliyokuachia. Kama hakuacha, nenda hivyo hivyo uwaeleze, watajaribu kumfikia kupitia kikosi chake. Akirudi, mwandikishe hati hiyo afisi ya sheria ya kambi. Ni bure. Na kama kambi iliyo karibu nawe ni ya wanamaji, usiogope: mashirika haya husaidiana, wa nchi kavu anahudumiwa huko pia.

askari_wa_wikendi: Sisi wa akiba na National Guard je?
— Ukiwa kwenye amri ya kazi ya zaidi ya siku 30 mfululizo, ndiyo.

Mkamba_Korea: Mimi niko ng'ambo, nianze na AER?
— Hapana, anza na afisi ya usafiri. Walio Korea au Ujerumani huenda nauli ya likizo ya dharura ikalipwa na serikali. Usikope kitu ambacho unapewa.

TX_254: Nje ya mada kidogo. Nina mkopo wa gari wa asilimia 19 niliouchukua kabla ya kuingia jeshini. AER itaulipa?
— Haitaulipa, lakini afadhali umeuliza. Sheria ya SCRA, inayowalinda wanajeshi kwenye madeni, inashusha riba ya deni la kabla ya jeshi hadi asilimia 6. Mwandikie mkopeshaji barua, ambatisha nakala ya amri yako. Fanya leo.

mama_wawili: Nami niongeze: waliopata uraia na wanasafiri na paspoti ya Marekani, Kenya sasa inataka kibali cha eTA kabla ya kupanda ndege. Dada yangu alizuiwa kaunta akiwa anaenda kuzika.
— Asante sana dada. Hilo sikulijua kuwa linawakuta wengi. Wasomaji, liongezeni kwenye karatasi za hatua ya 4, pamoja na kibali cha jeshi cha kusafiri nje ya nchi, kiitwacho APACS. Pole kwa msiba.