Kupima mawe ya kinywe kwa seli ya lita 2.5

Mawe ya kinywe (grafiti) kutoka Mirerani hufika kwetu Arusha yakiwa kwenye viroba, na mwenye mawe huuliza moja tu: yana asilimia ngapi, na ngapi zitatoka? Jibu hutoka kwenye seli, chombo kinachopandisha kinywe juu kwa povu la hewa na kuacha mchanga chini. Kabla hujaiwasha, shughulika na kiroba.

1. Sampuli. Vunja mawe yote kwa krasha ya taya hadi yapite kwenye chekeche ya milimita 2. Gawa kwa kisanduku chenye mifereji, nusu kwa nusu, mpaka ubaki na gramu 700. Usichote juu juu. Niliwahi kuchota hivyo. Magamba ya kinywe yalikuwa yameshajitenga na mchanga, vipimo viwili vya kiroba kimoja vikapishana hadi nikasingizia mizani.

2. Kusaga. Weka gramu 700 na mililita 400 za maji kwenye kinu cha fito. Anza na dakika 5, chekecha, kisha uamue kuongeza. Hapa pole pole: magamba yanayobaki juu ya chekeche ya maikroni 180 ndiyo yenye bei. Ukiyafanya unga, hayarudi.

3. Dawa. Mimina kwenye seli, ongeza maji, zungusha mara 1,200 kwa dakika, hewa ikiwa imefungwa. Pima pH na uiandike. Vyanzo vingi vya huku vina magadi, hivyo usishangae ikivuka 8 kabla hujatia chochote. Tumia maji ya chanzo kimoja siku nzima.

Kinywe hukataa maji kwa asili yake, kwa hiyo hakihitaji zanthati (dawa ya kufanya madini yashike povu) kama madini ya shaba. Mafuta ya taa yanatosha: gramu 200 kwa tani, yaani hapa gramu 0.14, karibu mililita 0.18. Sindano ya insulini ya uniti 100 kwa mililita inakupa hilo kwenye uniti 18. Koroga dakika 3, dondosha tone moja la mafuta ya msonobari ya kutengeneza povu, koroga dakika 1.

4. Povu. Fungua hewa. Kwangua povu kwa kibao kila sekunde 10, kwa kina kilekile na mkono uleule; ukimpa mwenzako kibao katikati, hicho ni kipimo kingine. Badilisha sinia dakika ya 1, ya 3 na ya 8. Povu la mwanzo hung'aa kama masizi ya sufuria yaliyopakwa mafuta. Likigeuka kijivu, linabeba mchanga. Umeme ukikatika, mwaga uanze upya.

5. Hesabu. Chuja, kausha kwa nyuzi 105, pima makinikia (kilichotoka na povu) na mabaki (kilichobaki selini). Chukua gramu chache za kila kimoja, osha kwa asidi ya haidrokloriki, suuza, kausha, pima, kisha unguza kinywe kwa nyuzi 950. Usipoosha, kalsaiti (madini ya chokaa) itatoa gesi tanurini na kupungua uzito, nawe utaihesabu kuwa kinywe. Uzito uliopotea tanurini ugawanye kwa uzito wa kabla ya kuosha.

Tuseme mawe yana kaboni, yaani kinywe, 6%: gramu 42 katika zile 700. Makinikia gramu 44 yenye 85% yana gramu 37.4. Umetoa 89%.

Sampuli iliyobaki ifunge na uandike tarehe. Mwenye mawe atarudi na cheti cha maabara nyingine.