Kuunganisha programu ya Python na PostgreSQL

Nachukulia seva ya PostgreSQL (programu inayotunza hifadhidata) imeshawashwa, na jedwali la `bidhaa` lipo kwenye hifadhidata iitwayo `dukani`.

1. Weka kiendeshi. Hiki ndicho kinachojua lugha ya seva:

`pip install "psycopg[binary]"`

2. Ipe programu mtumiaji wake. Usiiache iingie kama `postgres`. Huyo anaweza kufuta kila kitu.

```
CREATE ROLE duka LOGIN PASSWORD 'nenosiri';
GRANT SELECT, INSERT ON bidhaa TO duka;
```

Kama namba za bidhaa zinatoka kwenye `serial` (safu inayojipa namba yenyewe), mpe pia ruhusa ya `USAGE` ya sequence yake, yaani kihesabio kinachotoa namba hizo, la sivyo INSERT itagoma.

3. Anwani ya hifadhidata ikae nje ya msimbo wa programu, kwenye kigeu cha mazingira.

`export DATABASE_URL='postgresql://duka:nenosiri@localhost:5432/dukani'`

Nenosiri likiwa na alama ya `@`, iandike `%40`. Ukipata "connection refused", ujue hujaifikia seva: huenda imezimwa au poti siyo. Ukipata "password authentication failed", umefika mlangoni. Kagua jina na nenosiri.

4. Uliza.

```
import os, psycopg

jina = "maziwa ya ng'ombe"
with psycopg.connect(os.environ["DATABASE_URL"]) as conn:
    cur = conn.execute(
        "SELECT bei FROM bidhaa WHERE jina = %s", (jina,))
    print(cur.fetchone())
```

Hapa tulia kidogo. Ukiunga maandishi kwa `+`, ile ritifaa ya *ng'ombe* itafunga nukuu katikati na SQL yako (amri unayoipa hifadhidata) itavunjika. Mtu mwenye nia mbaya ataitumia nafasi hiyohiyo kupenyeza amri zake. `%s` hupeleka thamani kando na amri, kwa hiyo usiizungushie nukuu, wala usiisahau ile koma baada ya `jina`.

`with` ikimalizika salama, mabadiliko yanahifadhiwa na muunganisho unafungwa. Kosa likitokea, yanarudishwa nyuma.

5. Tumia bwawa la miunganisho, yaani miunganisho iliyokwisha kufunguliwa ambayo programu inaazima na kurudisha. Kwa skripti fupi, hatua ya 4 inatosha. Kwa tovuti, hapana: PostgreSQL huanzisha mchakato mpya kwa kila muunganisho, na kikomo chake cha kawaida ni 100. Weka `psycopg[binary,pool]`, kisha:

```
from psycopg_pool import ConnectionPool
bwawa = ConnectionPool(os.environ["DATABASE_URL"],
                       min_size=2, max_size=10, open=True)
```

Kila unapohitaji, azima kwa `with bwawa.connection() as conn:`. Piga hesabu kabla ya kupandisha `max_size`, maana kila mchakato wa programu una bwawa lake: michakato 4 yenye 10 kila mmoja ni miunganisho 40.