SOMO: Kuku amezidiwa na joto, umfanyie nini?

Habari zenu wafugaji wenzangu. Kuku wangu wa kwanza kuzidiwa na joto nilimuua mwenyewe kwa haraka zangu. Nilimkuta amelala, mabawa yametanda, nikamtumbukiza kwenye ndoo ya maji ya barafu. Alitikisika mara mbili, basi. Ndiyo maana naliandika somo hili.

Kuku hana tezi za jasho. Joto la mwili wake akiwa mzima ni kama nyuzi 41, na likifika 46 au 47 anakufa. Anachoweza kufanya ni kuhema ameachama ili unyevu wa ndani upae na joto, na kusukuma damu kwenye sehemu zisizo na manyoya mengi: upanga wa kichwani, ndevu zinazoning'inia chini ya mdomo, miguu na ngozi ya chini ya mabawa. Zishike hizo sehemu nne, ndizo tutakazozifanyia kazi.

Anayehema na kuachanisha mabawa bado anajimudu, kivuli na maji vinamtosha. Wa kuhofia ni anayeyumba, aliyepauka upanga, au aliyelala na hashtuki ukimgusa.

Hatua ya 1: Mtoe kwenye joto. Usimkimbize. Mbebe taratibu kwa mikono miwili, wala usimkumbatie kifuani, nawe mwili wako una moto. Mweke kivulini penye upepo, si ndani ya boksi.

Hatua ya 2: Anza na miguu. Weka beseni la maji yenye ubaridi wa kiasi, yafunike miguu mpaka manyoya yanapoanzia. Mshikilie humo dakika 5 hadi 10, kichwa kikiwa juu. Barafu hapana: mishipa ya ngozi inajibana, damu ya moto inabaki ndani, na mshtuko wenyewe unaweza kummaliza. Kama hajitambui, acha beseni, mfunge miguu kwa kitambaa kilicholowa na ukibadilishe kila kikipata moto.

Hatua ya 3: Lowesha chini ya mabawa. Kummwagia maji mgongoni ni kazi bure, manyoya yana mafuta na maji yanateleza tu. Fungua bawa, panguza ngozi kwa kitambaa chenye maji, kisha upanga na ndevu. Halafu mpepee hata kwa kifuniko cha ndoo. Ngozi iliyolowa ikipigwa na upepo ndiyo inayopoa. Taulo bichi ukimfunika nalo ukaondoka, baada ya muda linageuka blanketi.

Hatua ya 4: Maji ya kunywa. Hapa wengi wanakosea. Usimmiminie mdomoni! Tundu la pumzi liko nyuma ya ulimi, maji yakiingia humo umemzamisha. Chovya ncha ya mdomo, au dondosha tone moja pembeni, subiri ameze. Asiyeweza kuinua kichwa asinyweshwe kabisa. Akishachangamka, changanya lita 2 za maji na robo kijiko cha chai cha chumvi na kijiko kikubwa kimoja cha sukari. Mpe hayo kwa saa chache, kisha rudi kwenye maji matupu, maana chumvi ikizidi ni sumu kwake.

Hatua ya 5: Mtenge. Mdomo ukifunga na mabawa yakirudi mahali pake, amevuka. Lakini usimrudishe siku hiyohiyo, wenzake watamdonoa. Kutaga kunaweza kusimama siku kadhaa, usiwe na wasiwasi.

MASWALI

Swali: Shikamoo mwalimu. Wangu wamepona ila mayai yana ganda jepesi mno. Niwape chokaa?

Marahaba. Kuku akihema sana anapoteza hewa ya ukaa, damu inabadilika, na hewa hiyo ndiyo inayotumika pamoja na chokaa kutengeneza ganda. Weka maganda ya konokono wa baharini yaliyosagwa kwenye chombo cha peke yake, wale wanaotaka wale. Ila ukiacha banda lilivyo moto, hata gunia zima halitasaidia.

Swali: Mkuu, nanyunyiza maji sakafuni mchana kutwa, mbona wanazidi kuhema?

Umewapikia mvuke, mkuu wangu. Hewa ikijaa unyevu, kuhema hakupozi tena. Mwaga maji juu ya paa, fungua ubavu wa banda upepo upite, na maranda yaliyolowa uyatoe.

Swali: Nafuga kuku wa nyama, wana wiki 5. Wanakufa saa nane mchana na magole (mifuko ya chakula shingoni) yamejaa. Ni sumu?

Inawezekana ni chakula chenyewe, ndugu yangu. Kumeng'enya chakula kunazalisha joto, na la kwao linakutana na la jua saa hiyohiyo. Walishe alfajiri, ondoa chakula saa nne asubuhi, rudisha jua likipoa. Maji yasiondoke hata dakika moja, tena yabadilishe mara kwa mara, maana maji ya moto kuku hanywi vya kutosha. Wakati wa joto kali pita katikati yao polepole wasimame, hewa iingie chini ya vifua. Wakiendelea kufa, mwite daktari wa mifugo.

Swali: Nitajuaje kama si mdondo (ugonjwa wa Newcastle)?

Joto linawapata mchana, jioni wanapata nafuu. Mdondo hauangalii saa. Kinyesi cha majimaji peke yake kisikutishe, wanakunywa sana. Ukiona kinyesi cha kijani, shingo zinapinda na vifo vinafuatana, tenga wagonjwa na mwite daktari siku hiyohiyo.

Swali: Aliyekufa kwa joto analiwa?

Hapana. Mfukie.

Swali: Dada, tetea wangu anaatamia, anahema kiotani na hataki kutoka. Nimwache?

Usimwache. Mtoe kwa mkono, mweke karibu na maji ya kunywa kivulini, atakunywa mwenyewe akikasirika hivyo hivyo. Dakika 15 zinatosha, kisha mwache arudi. Mayai hayapoi kwa muda huo, kwa joto hilo labda nayo yanamshukuru.