Kukusanya maoni ya wanafunzi katikati ya muhula bila kumwanika mhadhiri

Tathmini ya mwisho wa muhula humkuta mhadhiri wakati wanafunzi waliomtathmini wameshafunga mabegi. Ninayoeleza hapa hufanyika wiki ya 5 au ya 6, kozi ikiwa bado inarekebishika. Ni njia ya Joseph Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Mwongozo huu ni wako wewe uliyeombwa na mhadhiri mwenzako umkusanyie maoni hayo.

Hatua ya 1: Kutaneni

Muulize anachotaka kujua. Kama unakaa kwenye kamati ya kupandisha vyeo, au ndiye mkuu wake wa idara, kataa. Atafutwe mtu wa idara nyingine. Kubalianeni kwamba ripoti ni yake peke yake.

Hatua ya 2: Darasani

Chukua dakika 25 za mwanzo wa kipindi, maana za mwisho watu wanawahi daladala. Mhadhiri aondoke kabisa, asisimame koridoni. Makundi ya watu watano, karatasi moja kwa kundi, maswali matatu: nini kinakusaidia kujifunza, nini kinakukwamisha, kifanyike nini? CR (kiongozi wa darasa) asiwe mwandishi, kwa sababu kesho ndiye atakayetumwa ofisini kuulizia matokeo ya jaribio. Kisha soma kila hoja kwa sauti, wanaoikubali wanyooshe mikono. Kundi likiandika "anaenda mbio", liulize: kwenye slaidi au kwenye hesabu za ubaoni?

Kuna wanaopenda fomu za Google. Mimi sizitaki. Mwanafunzi akiombwa tu kuingia kwa barua pepe, ameshaanza kujichuja, na fomu huwezi kuiuliza "mbio wapi?"

Hatua ya 3: Ripoti

Siri huvujia hapa. Usimpe mhadhiri karatasi zenyewe, hata akisema anazitupia jicho tu. Amesahihisha majaribio yao, miandiko anaijua. Chapa kila hoja upya, kisha karatasi zichane.

Ukimaliza, isome kwa macho yake. "Sisi tunaorudia kozi hatueleweshwi", kwenye darasa lenye wawili wanaorudia, ni sawa na kuandika majina. Igeuze: "Wapo wanaohitaji kukumbushwa msingi kabla ya mada mpya." Utani nao husaliti. Kila darasa lina mtu wake wa vichekesho na mhadhiri anamfahamu, kwa hiyo hoja ibaki, kichekesho kitoke. Lakini usilainishe mpaka ukabaki na maji. "Slaidi hazisomeki kuanzia safu ya nne" iache ilivyo. Pembeni ya kila hoja andika idadi ya mikono. Lalamiko la watu 60 si sawa na la watu 3.

Usiitume kwenye barua pepe inayofunguliwa na katibu muhtasi. Mimi huchapisha nakala moja, namkabidhi mkononi.

Na siri ina mpaka. Rushwa ya ngono si suala la ufundishaji. Ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya 2007. Waambie wanafunzi kabla hawajashika kalamu kwamba hayo hupelekwa dawati la jinsia au TAKUKURU, hayaandikwi kwenye karatasi hizi. Mhadhiri naye ajue tangu hatua ya 1 kwamba ukiyasikia hutayafunika.

Hatua ya 4: Kumrudishia

Anza na yanayowasaidia. Akianza kubahatisha nani kasema nini, rudi kwenye idadi ya mikono.

Hatua ya 5: Mhadhiri arudi darasani

Kipindi kinachofuata awashukuru, ataje mambo mawili atakayobadilisha na moja asiloweza, pamoja na sababu yake. Dakika tano zinatosha.