Kiu Isiyotokana na Jasho: Jinsi Mtu wa Mazoezi Anavyoweza Kukitambua Kisukari Mapema

Mimi ni tabibu katika kituo kimoja cha afya mjini Moshi, na wengi wa wanaoketi mbele yangu ni watu wanaoishi kwa nguvu za miguu yao: wapagazi na waongoza watalii wa mlimani, wakulima wanaopanda na kushuka kati ya mjini na vihamba vya Kibosho, na vijana wanaojiandaa kwa Kilimanjaro Marathon. Watu hawa huchelewa kukitambua kisukari kwa sababu moja inayojirudia. Kila dalili yake tayari ina maelezo katika maisha yao: kiu wanaisingizia jua, kukonda wanakusingizia mazoezi, na uchovu wanausingizia mzigo wa jana.

Hata sisi watoa huduma hudanganyika. Miaka kadhaa iliyopita nilimwambia mkimbiaji mmoja wa miaka 29 aongeze maji na apumzike wiki mbili, kwa kuwa alikuwa mwembamba, mapigo yake ya moyo yalikuwa mazuri na kwao hapakuwa na mgonjwa wa kisukari. Alirudi siku ya 11 akiwa amebebwa na kaka yake, anatapika, na sukari yake ilisoma milimoli 27 kwa lita. Alipona, lakini tangu siku hiyo simruhusu mtu mwenye kiu ya ajabu atoke chumbani kwangu kabla sijamtoboa kidole.

Mazoezi hupunguza uwezekano wa kupata kisukari, ila hayauondoi. Kisukari cha aina ya kwanza, ambamo kinga ya mwili hushambulia kongosho mpaka insulini, homoni inayouwezesha mwili kuitumia sukari ya damu, inakwisha, kinaweza kuanza katika umri wowote, na hakijali mtu anakimbia kilomita ngapi. Kile cha aina ya pili, ambamo mwili huipuuza insulini yake, nacho huwapata watu wembamba, hasa wenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyekipata. Mpiga makasia wa Uingereza, Steve Redgrave, alikuwa na medali 4 za dhahabu za Olimpiki alipogunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya pili mwaka 1997, kisha akatwaa ya 5 mjini Sydney mwaka 2000. Kama mwili ule haukukingwa na mazoezi, hakuna sababu ya mimi au wewe kujiona tumekingwa.

Kabla ya hatua zote

Ikiwa wewe au mtu wa nyumbani kwako amekuwa na kiu kali na mkojo mwingi, kisha akaanza kutapika, kuumwa tumbo, kuhema kwa nguvu kama anayepanda kilima ilhali ameketi, kutoa pumzi yenye harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi, au kuchanganyikiwa, acha kusoma na umpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Aliye Moshi aende Mawenzi au KCMC. Aliye Arusha aende Mount Meru. Insulini ikipungua mno, mwili huyeyusha mafuta kwa kasi na damu hujaa asidi, na hali hiyo huua. Usimpe dawa ya malaria ukangoja kupambazuke. Mkifika mapokezi, semeni wazi kwamba mnaomba apimwe sukari kwanza.

Hatua ya 1: Linganisha kiu yako na mkojo wako

Hapa ndipo ninapotaka ukae kwa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote, kwa sababu ndipo kiu ya jasho na kiu ya sukari zinapoachana njia. Mtu aliyepoteza maji kwa jasho hubana mkojo: anakwenda haja ndogo mara chache, kidogo kidogo, na mkojo wenyewe ni wa njano iliyokolea. Mtu ambaye sukari yake imepanda hufanya kinyume. Sukari ya damu ikivuka takriban milimoli 10 kwa lita, figo hushindwa kuirudisha yote mwilini, inamwagika katika mkojo, na inapotoka inavuta maji pamoja nayo. Kwa hiyo ana kiu kali na wakati huo huo ana mkojo mwingi, mweupe karibu kama maji. Ukiyaona hayo mawili kwa pamoja, jasho haliwezi tena kuwa maelezo.

Chagua siku ya mapumziko, tafuta chupa au jagi lenye alama ya nusu lita, na upime kila mkojo kuanzia asubuhi moja hadi asubuhi ya pili, ukiandika saa na kiasi katika daftari. Mtu mzima kwa kawaida hutoa kati ya lita 1 na 2 kwa siku. Ukizidi lita 3, au ukiamka usiku mara 2 au zaidi wakati zamani ulilala moja kwa moja, una sababu ya kutosha ya kupima damu. Usijinyime maji ili kujaribu kama mkojo utapungua, maana kama ni kisukari utajikausha na kujiletea madhara. Kama umetoka mlimani, ngoja angalau siku 2 ndipo upime, kwa kuwa mwinuko wenyewe humwongezea mtu mkojo.

Kuna alama nyingine inayotazamwa kwa macho. Mpagazi mmoja alikuja kwa sababu ya uchovu, na nilipomwinamia kumkagua miguu niliona juu ya buti zake nyeusi matone madogo meupe, yamekauka kama maziwa ya unga yaliyomwagikiwa na maji, na yananata ukiyagusa kwa kidole chenye unyevu. Yeye alidhani ni vumbi la mlimani. Yalikuwa matone ya mkojo yaliyoruka alipokuwa akijisaidia nje. Maji yalikauka, sukari ikabaki juu ya ngozi ya buti. Wazee wetu waliisoma habari hiyo hiyo kwa sisimizi wanaokusanyika mahali mtu alipokojoa. Ukiwaona, nenda ukapime. Usipowaona, usijihesabu kuwa salama, kwa kuwa choo kinachomwagiwa maji kila mara hakiachi ushahidi.

Hatua ya 2: Pima uzito, kisha ujiulize unakula nini

Jipime kwa mizani moja, asubuhi, kabla ya kula, mara 1 kwa wiki. Anayekonda kwa mazoezi kwa kawaida anajua alichokibadilisha: ameongeza kilomita au amepunguza chakula. Anayekonda kwa kisukari mara nyingi anakula vilevile au zaidi, anamaliza sahani ya machalari na kutafuta nyingine, na bado suruali inamlegea. Kilo 3 au 4 zilizoondoka ndani ya mwezi mmoja bila wewe kuzitafuta hazistahili pongezi za marafiki.

Hatua ya 3: Kagua mwili mahali ambapo hukuzoea kuangalia

Anza na macho. Sukari ikipanda, lenzi ya jicho huvuta maji na kubadili umbo, na mtu huona ukungu anapotazama mbali, leo zaidi na kesho kidogo. Dereva wa bajaji anaweza kushindwa kusoma namba za gari lililo mbele yake, na mama wa miaka 48 anaweza kushangaa kwamba anasoma bila ile miwani ya kusomea, akadhani macho yamepona. Usinunue miwani kabla ya kupima sukari: matibabu yakianza, lenzi hurudi taratibu kwa wiki kadhaa, na miwani uliyoinunua itakuwa haikufai.

Kisha nenda kwenye ngozi. Simama mbele ya kioo, au mwombe mwenzako, utazame shingo kwa nyuma na makwapa. Ngozi iliyogeuka nyeusi zaidi, nene na laini kama mahameli, isiyotoka hata ukisugua kwa dodoki, ni ishara kwamba mwili unapuuza insulini yake. Katika ngozi zetu watu huidhani uchafu au kuungua na jua, na nimewaona mabinti waliosuguliwa na mama zao mpaka wakachubuka. Majipu yanayojirudia yana uzito huo huo, na vivyo hivyo kidonda cha kiatu kisichofunga kwa wiki 3.

Fangasi za sehemu za siri ndizo watu wanazozificha zaidi. Mwanamke anayetibiwa fangasi ukeni mara ya 3 ndani ya miezi michache, na mwanamume anayewashwa na kuvimba kichwa cha uume au govi, wanapaswa kupimwa sukari kabla ya kununuliwa tyubu nyingine ya dawa, kwa sababu fangasi hustawi penye mkojo wenye sukari. Nawasihi wanandoa wasilaumiane kabla ya kipimo hicho. Nimeshuhudia ndoa ikitikisika kwa jambo lililokuwa la kongosho. Pia kukojoa mara kwa mara huitwa UTI kwa wepesi sana huku kwetu. Umemeza dozi 2 za dawa, hakuna kuchoma wakati wa kukojoa wala homa, na mkojo bado ni mwingi? Omba kipimo cha sukari.

Yapo na mengine ambayo peke yake hayatoshi, ila yakiongezwa juu ya yaliyotangulia yanasema kitu: fizi zinazotoka damu, bega linaloganda bila kuumia, upungufu wa nguvu za kiume, na ganzi au kuchomwachomwa nyayo hasa usiku.

Hatua ya 4: Ondoa yale yanayofanana na dalili

Kwa watu wa mlimani kuna mfano mmoja ninaoueleza kila msimu. Diamox, dawa inayotumiwa kuzuia ugonjwa wa mwinuko, humfanya mtu akojoe zaidi na kuhisi vidole vya mikono, vya miguu na hata midomo ikichomwachomwa. Hata soda hupoteza ladha yake. Kama dalili zako zilianza ulipoanza kuimeza na zikatoweka siku 2 au 3 baada ya kuiacha, ni dawa. Kama umeshuka, umeiacha, wiki imepita na bado unaamka usiku kukojoa, usiendelee kuisingizia. Tazama pia dawa nyingine unazotumia. Zile za jamii ya prednisoloni, ambazo wengi hupewa kwa pumu au maumivu ya viungo, hupandisha sukari kweli, kwa hiyo zitaje kwa anayekupima.

Hatua ya 5: Pima kwa namna ambayo jibu litaaminika

Kipimo cha kidole hupatikana katika zahanati na vituo vya afya vingi, na kinachokiharibu mara nyingi ni maandalizi. Kula chakula cha jioni kabla ya saa 2 usiku, baada ya hapo kunywa maji matupu tu, na ufike kupima asubuhi ukiwa umekaa angalau saa 8 bila chakula. Chai ya rangi yenye kijiko kimoja cha sukari inavunja mfungo huo. Usipitie uwanjani kwanza: kukimbia kwa kasi huweza kupandisha sukari kwa muda, na jibu likakutisha bure. Usipime ukiwa mlimani pia, kwa sababu baridi kali na mwinuko huvuruga mashine nyingi.

Osha mikono kwa sabuni na maji, kisha ikauke kabisa. Niliwahi kumpima mama anayeuza maembe sokoni Mbuyuni, aliyekuwa ametoka kumenyea mteja embe. Kidole cha kwanza kilitoa 15.2. Alipoosha na kukausha, kidole cha mkono wa pili kilitoa 5.4. Pamba ya spiriti peke yake haiondoi vizuri utomvu wa tunda. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, ambapo maumivu ni kidogo, na usikamue kwa nguvu.

Hatua ya 6: Lisome jibu pamoja na dalili zako

Kwa aliyefunga, jibu la chini ya milimoli 6.1 kwa lita ni la kawaida. Kati ya 6.1 na 6.9 sukari imeanza kupanda na inahitaji kufuatiliwa, 7.0 na kuendelea ni kiwango cha kisukari. Kwa aliyekula, 11.1 na kuendelea akiwa na dalili zilizo wazi ni kisukari. Asiye na dalili yoyote hurudiwa kipimo siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa, na jibu la kidole linapaswa kuthibitishwa kwa damu ya mshipa maabara. Kipimo cha damu kiitwacho HbA1c huonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, na 6.5 kwa mia au zaidi ni kisukari. Lakini mwenye selimundu au upungufu wa damu aseme mapema, kwa kuwa jibu lake linaweza kupotosha.

Ukikuta zaidi ya 14, usikimbie siku hiyo hata kama unajisikia mzima. Misuli isiyo na insulini ya kutosha haiwezi kuitumia sukari hiyo, na mazoezi makali yanaweza kuipandisha zaidi. Nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, na kama wewe ni mwembamba au umekonda kwa haraka, muulize waziwazi iwapo hii inaweza kuwa aina ya kwanza, maana vidonge vya aina ya pili havitamtosha mtu ambaye kongosho lake limeacha kutoa insulini.

Jibu likiwa la kawaida na dalili zikaendelea, rudi baada ya wiki 2 ukiwa na lile daftari la mkojo na uzito. Kama una buti zenye matone meupe, zilete bila kuzisafisha.