Kuomba ITIN Marekani: pasi ndiyo inayokwamisha watu

Mke wangu alikuja Marekani kwa viza ya H-4, ile ya familia za wafanyakazi wa kigeni. Hana kibali cha kazi, kwa hiyo hapati namba ya Social Security, na bila namba yoyote hatuwezi kujaza ritani ya kodi pamoja. Walio katika hali kama yake wanahitaji ITIN, namba ya mlipakodi ambayo IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, imekuwa ikitoa tangu 1996. Ina tarakimu 9 na huanza na 9. Haikuruhusu kufanya kazi wala haigusi hadhi yako ya uhamiaji. Na usidhani ni kama PIN ya KRA au TIN ya TRA, unayoiomba leo ukaiweka hadi siku ya kuihitaji. Kwa wengi wetu, ombi la ITIN linakwenda pamoja na ritani yenyewe, labda uwe na sababu maalumu zilizotajwa kwenye maelekezo ya fomu.

Fomu ni W-7, ukurasa mmoja tu. Mke au mume wa mkazi wa kodi (mgeni ambaye IRS inamtoza kodi kama mkazi) anatia alama kisanduku e, mtoto kisanduku d, na unaandika jina na namba ya yule wanayemtegemea. Majina yafuate pasi herufi kwa herufi. Kwenye ritani, sehemu ya namba ya mwombaji iache wazi. Halafu funga vyote pamoja, W-7 juu na ritani chini yake, utume kwa kitengo cha ITIN kilichoko Austin, Texas. Usitume ritani kwa anwani ya kawaida na W-7 kwa anwani nyingine.

Sasa pasi, na hapa nakuomba usome taratibu. IRS inataka pasi halisi, au nakala iliyothibitishwa na mamlaka iliyotoa pasi hiyo. Muhuri wa notari haukubaliki. Nyumbani tumezoea kwamba nakala ikishagongwa muhuri na wakili inapokelewa kila ofisi, ndiyo maana wengi wanaamini na hapa ni hivyo hivyo. Mtayarishaji wa kodi tuliyemlipa alituhakikishia kuwa notari anatosha. Ilipokuja barua ya CP567, ile ya kukataliwa, ada yake haikurudi, na marejesho ya kodi tuliyoyategemea kulipia pango yakasogezwa mbele kwa miezi. Iliniuma, kwa sababu mtu anayelipwa kwa kazi hiyo alipaswa kulijua hilo kuliko sisi.

Njia salama zipo tatu. Unaweza kutuma pasi yenyewe. IRS huirudisha ndani ya siku 60, na unaruhusiwa kuweka ndani bahasha ya kurudishia iliyokwisha kulipiwa. Ukiwa na safari au miadi ya uhamiaji, njia hii iache. Ya pili ni kupiga 844-545-5640 na kuweka miadi kwenye kituo cha IRS cha kuhudumia walipakodi. Uliza wazi kama kituo hicho kinahakiki hati za ITIN, maana si vyote vinavyofanya hivyo. Wanaitazama pasi mbele yako, unaondoka nayo mkononi.

Ya tatu ni wakala wa CAA, anayetoza ada yake mwenyewe. Kabla hujatoa hata senti, muulize: wewe ni Certifying Acceptance Agent, au ni Acceptance Agent tu? Neno hilo la mwanzo ndilo linalompa uwezo wa kuhakiki pasi na kukurudishia. Asiye nalo atajaza fomu vizuri, lakini pasi yako bado itasafiri kwenda Texas. Orodha yao iko kwenye tovuti ya IRS, jimbo kwa jimbo. Vituo vya VITA, vinavyosaidia watu kujaza ritani bure, navyo, baadhi yake, vina wakala wa aina hii.

Mwenye watoto aangalie kama pasi zao zina tarehe ya kuingia Marekani. Isipokuwepo, pasi haisimami peke yake. Ongeza rekodi za shule, au za hospitali kwa mtoto aliye chini ya miaka 6. Watoto waliobaki Arusha au Kisumu ambao si raia wa Marekani hawahesabiwi kama wategemezi.

Jibu huchukua wiki 7, au 9 hadi 11 ukituma katikati ya Januari hadi mwisho wa Aprili. Andika majina ya wote kwenye sanduku la barua, ili barua ya IRS isipotee. Tarehe 15 Aprili haikusubiri: kama kuna kodi unayodaiwa, ilipe kabla.

Asiye na hadhi halali aongee kwanza na mwanasheria wa uhamiaji. Mwezi wa Aprili 2025 Wizara ya Fedha, iliyo juu ya IRS, na ile ya Usalama wa Ndani, inayosimamia uhamiaji, zilitia saini makubaliano ya kupeana taarifa za walipakodi, na jambo hilo limefika mahakamani.

ITIN ikishafika, nenda tawi la benki ana kwa ana, kwa sababu fomu za mtandaoni mara nyingi huikataa. Ili uanze kujenga historia ya mikopo, omba kadi ya mkopo ya dhamana: unaweka kwa mfano dola 200, nazo ndizo zinakuwa kikomo chako. Hakikisha benki inaripoti kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi za mikopo, la sivyo unalipa na hakuna anayeona. Tumia chini ya asilimia 30 ya kikomo hicho, lipa deni lote kila mwezi. Alama ya FICO, ambayo wakopeshaji huitumia kukupima, huhitaji akaunti yenye angalau miezi 6.

Na kama wewe ni mkazi wa kodi na akaunti zako za nyumbani kwa jumla zilipita dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, jaza FBAR, ripoti ya akaunti za benki zilizo nje ya Marekani. Faini zake ni kubwa mno.

ITIN isiyotumika kwenye ritani kwa miaka 3 mfululizo huisha muda. Na ukija kupata namba ya Social Security, acha kutumia ITIN, iandikie IRS iunganishe rekodi zako, kisha ipe benki namba mpya ili historia ya mikopo uliyoijenga isibaki nyuma.